Bi Kidawa na Bwana Harusi wa Tamasha

Saa tatu na robo asubuhi, Bi Kidawa Ubwa anambembeleza mwanamume ambaye hajapata kumwona. Simu ameibana baina ya sikio na bega. Mkono mmoja unaandika kwenye daftari, mwingine unakoroga chai ya mchaichai iliyokwisha kupoa. Mtu wa upande wa pili, meneja wa bendi moja, yuko Ulaya, na kwa sauti inayovuja kwenye simu ni wazi kwamba hana haraka.

Kiingereza cha Bi Kidawa ni cha barua rasmi. Kila sentensi inaanza kwa heshima na kumalizika kwa shukrani, na katikati ndimo anamoupenyeza ukaidi wake. Baada ya dakika kumi na tisa anaiweka simu mezani na kushusha pumzi.

"Hajakubali wala hajakataa," anasema. "Ndivyo walivyo. Bwana harusi akijua mnamtaka sana, huvimba kichwa. Karibu ukae, mwanangu. Ushakunywa chai?"

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. La chai hujanijibu."

Bwana harusi ndilo jina analowapa wasanii wakubwa, wale ambao majina yao huandikwa kwa herufi nono juu kabisa ya bango na ambao kwa ajili yao watu hukata tikiti. Kwa miaka kumi na minne kazi ya mama huyu wa miaka hamsini na minne, mkaazi wa Kikwajuni, imekuwa hiyo: kulitafutia Tamasha la Mvumo bwana harusi wake, kumfikisha Unguja, kumlisha, na kumrudisha kwao akiwa hana malalamiko.

Safari hii kazi inaelekea kumshinda. Mfadhili mkuu wa tamasha ametoa sharti moja: jina kubwa lipatikane kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo yeye asihesabiwe. Zimebaki siku kumi na moja. Bila ya mfadhili hakuna tamasha, na bila ya tamasha watu arobaini na sita, kuanzia mafundi wa jukwaa hadi akina mama wanaowapikia wasanii, watakosa kazi ya msimu. Bi Kidawa ni mmoja wao.

"Kulala nnalala vizuri," ananijibu nilipomuuliza kama ana wasiwasi. "Ila nnaamka vibaya."

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha ghorofani, Kiponda, na ngazi yake imesimama wima kiasi kwamba mgeni hufika juu akiwa ameshasahau alilojia. Ukutani yamebandikwa mabango kumi na manne, moja kwa kila mwaka. La kwanza lina bendi ya roki iliyokuwa ikisikika kila redio wakati huo. La kumi lina bendi ileile, imepungua watu wawili na kuongezeka miwani.

"Majina makubwa yanazeeka na hayazai," anasema Nadir Abrahman, mkurugenzi wa tamasha, bwana mrefu anayezungumza huku akipanga vitu ambavyo tayari vimepangwa. "Machache mapya yanayochipuka yanataka viwanja vya watu elfu sitini, si Ngome Kongwe tunapopigia sisi. Tukimpata mmoja, anakula nusu ya tamasha. Tusipompata, mfadhili anatuuliza bango lina nani."

Anasema hali hiyo si ya Unguja peke yake. Matamasha makubwa ya roki huko nje nayo yanahangaika: mengine yamefungwa, mengine yamepumzika mwaka mmoja na hayakurudi, na yaliyobaki yanagombea majina yaleyale kumi au kumi na mbili. Miaka sita iliyopita bendi ya kufunga tamasha ilikuja kwa dola elfu kumi na mbili. Huyu anayebembelezwa asubuhi hii anataka elfu thelathini na tano, mbali na nauli za watu kumi na mmoja.

Mwenyewe Bi Kidawa hulipwa shilingi laki sita na nusu kwa mwezi, kwa miezi minane ya mwaka. Minne iliyobaki huoka vileja vya harusi za watu. Nilipomtajia hesabu ya bendi na hesabu yake kwa pamoja, alicheka mpaka akashika meza.

"Usizitie kwenye sentensi moja, utaniharibia siku," alisema.

Alizaliwa Mkokotoni, binti wa mfanyabiashara mdogo wa chumvi. Baada ya skuli alipata ukarani katika shamba la serikali la viungo, Kizimbani, na huko kwa miaka kumi na mbili alichapa barua za mabwana shamba kwenda kwa watafiti wa nchi za mbali. Barua za magonjwa ya mikarafuu, za mbegu, za kuomba dawa. Humo ndimo alimojifunza Kiingereza chake, na humo ndimo alimojifunza kwamba mtu wa mbali hajibu barua ya kwanza.

"Ya kwanza anaitupa. Ya pili anaiweka. Ya tatu anaona haya," anasema. "Mie huandika ya tatu mapema."

Tamasha lilipoanza, waanzilishi walikuwa vijana wenye mapenzi ya muziki na hawakuwa na hata mmoja anayeweza kuandika barua ikajibiwa. Jirani yake akamtaja. Bi Kidawa akaenda kujaribu kwa wiki mbili, na hajatoka mpaka leo.

Muziki wa roki hakuujua. Anakiri kwamba siku ya kwanza aliposikia bendi ikijaribu vyombo alikimbia kumwita fundi wa umeme, akidhani kuna kitu kinaungua. Sasa anaujua vyema, na anaweza kukuambia ni bendi gani ina mpiga ngoma mlevi na ni ipi ina mwimbaji anayelilia wanawe kila saa kumi jioni.

Alichokiona kigeni zaidi kuliko magitaa ni orodha za masharti. Kila bendi kubwa huambatanisha kwenye mkataba orodha ya vitu inavyovitaka nyuma ya jukwaa. Bi Kidawa huziita mahari.

"Na hapo ndipo dunia ilipopinduka," anasema. "Bwana harusi ni wao, na mahari wanadai wao."

Mwaka mmoja mahari yalikuwa mataulo ishirini na manne ya buluu, tena yasiwe mapya, yawe yamefuliwa mara mbili. Aliyafua mwenyewe nyumbani na kuyaanika kamba nzima. Majirani wakapita kumpa hongera ya kufungua hoteli. Bendi ilipokuja ilitumia mataulo matatu, na yaliyobaki yaligawiwa kwa mafundi wa jukwaa, ambao wengine wanayo hadi leo.

Nao wageni humpenda. Kila mmoja hupelekewa maswali yake matatu kabla ya kupanda ndege: unakula nini, huwezi kula nini, na nani kwenu tumwambie kwamba umefika salama. Hilo la tatu, anasema, limewahi kuwaliza wanaume wazima wenye michoro mwili mzima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," anaongeza. "Lakini mgeni naye apone kidogo."

Kwa hiyo si mtu wa kuwachukia mabwana harusi. Kilichomfanya aanze kujiuliza kama tamasha linawahitaji ni jambo lililotokea mwaka jana, na anapolisimulia huanza kwa kukiri.

"Kosa lilikuwa langu. Nliamini kalenda."

Tamasha la Mvumo hufanyika mwishoni mwa Shaabani, Alhamisi hadi Jumamosi, kabla mji haujaingia Ramadhani na muziki kunyamaza. Alipokuwa akifunga mkataba na bendi moja ya roki ya Uholanzi, ambayo anaomba nisiitaje kwa sababu "bado tunapendana", alitazama kalenda ya ukutani, ile ya kuchapishwa. Ilimwonyesha kwamba Jumamosi ingekuwa mwezi ishirini na nane Shaabani. Usiku salama. Akawapangia wageni Jumamosi, usiku wa kufunga tamasha.

Mwezi haukuiona kalenda hiyo. Shaabani iliandama siku moja kabla ya hesabu, na Jumamosi ya watu ikageuka mwezi ishirini na tisa. Kila Mzanzibari anajua maana yake: jioni hiyo watu watatazama juu, na mwezi ukionekana, usiku uleule ni Ramadhani, watu ni msikitini kwa tarawehe na hakuna atakayegusa gitaa. Usipoonekana, mji umepata usiku mmoja wa ziada. Lakini hakuna ajuaye mpaka itangazwe.

"Sasa nimwambie nini meneja wa Kizungu?" anauliza Bi Kidawa, macho yake yakicheka. "Kwamba onyesho lake labda lipo, labda halipo, tusubiri mawingu? Nlimwandikia kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kuomba radhi, wa pili wa elimu ya mwezi, uliobaki ni wa kumsihi wapige Ijumaa."

Bendi ikakubali kwa kununa. Ijumaa walipiga, na walipiga vizuri mpaka njiwa wa Ngome wakahama kwa muda. Tikiti za usiku huo zilikuwa elfu moja mia moja na arobaini, nyingi zikiwa za wageni wa hotelini. Wenyeji walikuwa wachache. Jumamosi ikaamuliwa iachwe.

Hapo anaingia Mahfoudh Himid, fundi mkuu wa jukwaa, mzee wa miaka sitini na mmoja mwenye asili ya Tumbatu na mwenye sifa ya kubishana na kila mtu, pamoja na misumari. Aliagizwa avunje jukwaa Jumamosi asubuhi. Akagoma.

"Nlimwambia Nadir, jukwaa silivunji kwa mwezi wa kudhania," anasimulia. "Uandame kwanza, niuone au niambiwe. Hapo ntavunja hata kwa meno."

Nikamuuliza kama alikuwa na hisia kwamba mwezi hautaonekana.

"Hisia gani? Mgongo ulikuwa unaniuma."

Jumamosi hiyo mji ulikuwa ukivunja jungu. Ni desturi ya siku za mwisho za Shaabani: familia na marafiki hutoka na masufuria yao kwenda pwani, mashamba au bustanini, wakala na kucheka na kuimba kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga. Jioni watu walijaa Forodhani, mbele ya Ngome, wakila na kusikilizia. Bi Kidawa alikaa langoni na redio mapajani. Baada ya magharibi ikatangazwa: mwezi haukuonekana.

Kelele za furaha zilipanda. Kisha watu wakageuka kulitazama lango la Ngome.

"Nkahesabu," anasema Bi Kidawa. "Jukwaa lipo, kwa ajili ya mgongo wa Mahfoudh. Taa zipo. Spika zipo. Watu wapo, na wengine wana tikiti za siku tatu mikononi. Msanii hakuna. Harusi nzima, bwana harusi kashatoka jukwaani jana."

Akampigia simu Maisara Mcha.

Bi Maisara, mwenye miaka arobaini na saba, huuza vitambaa sokoni Darajani na huongoza kikundi cha kidumbak, taarabu ya mitaani ya ngoma na fidla, cha wanawake wa Mtoni. Kikundi hicho kilikuwa kimepiga Alhamisi, saa kumi na moja jioni, wakati ambao matamasha mengi huwapa wenyeji: jua bado kali, viti bado vitupu. Bango la mwaka ule limewaandika chini kabisa, kwa herufi ambazo Bi Maisara anasema alizisoma kwa miwani ya mumewe.

Simu ilimkuta Fumba, pwani, na wanawake wenzake wote.

"Nlikuwa na mwiko mkononi," anasimulia. "Akaniita, nkasema naam. Akaniambia mwezi haujaandama, njooni mpige. Nkamwambia, Kidawa, tumerowa maji ya chumvi, tuna mchanga mpaka masikioni. Akasema njooni hivyohivyo. Basi tukaja hivyohivyo."

Walikuja kwa lori, na ngoma zao, na lile sanduku la mbao lenye uzi mmoja linalotoa besi, na masufuria mawili ya pilau ambayo hayakuwa yameisha. Mtu mmoja alikosekana: Jaku, mpiga fidla wao, mwanamume pekee katika kikundi. Jaku hufuata mwezi ukionekana popote duniani, na alikuwa ameshapata habari yake. Kwake yeye Ramadhani ilikuwa imeingia, na muda huo alikuwa kwenye sala.

"Jaku yumo Ramadhani, sie tumo Shaabani," anasema Bi Maisara bila ya kinyongo. "Kila mtu na mwezi wake. Hatukugombana. Lakini kidumbak bila ya fidla ni mchuzi bila ya chumvi, na watu wanangoja."

Langoni, juu ya kreti la soda, alikuwa ameketi mpiga gitaa wa bendi ya Uholanzi, Wim, mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe mpaka mabegani, anakula pilau ya Fumba kwa mkono. Ndege yao ilikuwa ya Jumapili. Aliuliza kwa nini wanawake hawapandi jukwaani. Bi Kidawa akamweleza. Wim akanawa mkono, akaenda kulifuata gitaa lake.

"Alikosea mara tatu," anasema Bi Maisara. "Mimi nkasimamisha wimbo mara tatu, mbele ya watu, sikumwonea haya. Ya nne akaingia. Alivyokwisha kuingia, hatukuweza kumtoa."

Lango lilifunguliwa kwa kila mtu. Mahfoudh, ambaye huhesabu watu kwa ajili ya usalama wa jukwaa, alifika elfu mbili na mia sita akaacha. Vikongwe walicheza. Wauza urojo walifunga biashara wakaja kucheza. Kabla ya saa tano kila kitu kilikuwa kimekwisha na watu wanarudi makwao wakiwa na siku moja mbele yao ya kutwanga viungo vya futari.

Nilimuuliza Nadir usiku ule ulimfundisha nini. Alisogeza kalamu yake upande wa kulia wa daftari, akairudisha kushoto.

"Kwamba hakuna aliyeniuliza bango lina nani," alisema.

Lakini mfadhili hakuwapo usiku ule. Alikuwapo Ijumaa. Ndiyo maana leo, katika chumba cha Kiponda, Bi Kidawa anambembeleza bwana harusi mwingine na siku zinapungua.

Jumatatu iliyofuata nilipanda tena ile ngazi. Bi Kidawa alikuwa amesimama dirishani, simu mkononi, na Nadir amekaa kitako sakafuni, jambo ambalo si la kawaida yake. Meneja wa Ulaya alikuwa amekubali.

Amekubali kwa dola elfu ishirini na nane, zote zitangulie. Bendi yake ifunge tamasha. Tarehe isisogezwe hata siku moja. Na kwenye bango, jina lolote jingine lisizidi robo ya ukubwa wa jina lao.

"Tumepata," alisema Nadir, kwa sauti ya mtu aliyepata homa. Ili kulipa kiasi hicho, alieleza, wangelazimika kuwaondoa wasanii tisa wa nyumbani. Kikundi cha Mtoni kilikuwa cha kwanza kwenye orodha, kwa sababu ndicho kilichokuwa chini kabisa ya bango.

Mahfoudh, aliyekuwa amekuja kuulizia mbao, alisikiliza yote akiwa mlangoni. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, akateremka zake. Mbao hakuziulizia tena.

Bi Kidawa aliomba apewe mpaka baada ya adhuhuri. Alikwenda kusali, akarudi, akakaa mbele ya kompyuta. Mwandishi wa makala haya alikuwa pembeni yake na anaweza kushuhudia kwamba mama huyu, ambaye ameandika barua za kuomba kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, hajazoea kuandika ya kukataa. Aliifuta mara mbili.

"Kama nimekosea, watu arobaini na sita watakaa nyumbani kwa ajili yangu," alisema. "Mahfoudh ana wajukuu anaowasomesha. Nnaogopa, mwanangu. Andika kwamba nnaogopa, usiniandike shujaa."

Ninaandika: aliogopa. Kisha alimsomea Nadir, na Nadir alipoitikia kwa kichwa, akaituma.

Mpango wake ulikuwa kwenye daftari tangu mwaka jana, na kabla ya siku hiyo haukuwa umeonyeshwa mtu. Tamasha liwe la kuvunja jungu. Usiku wa kwanza na wa pili uwe na tarehe, kwa ajili ya wageni wanaokata tikiti za ndege. Usiku wa tatu usiwe na tarehe: uwe ni usiku wa mwezi ishirini na tisa, na uwepo ikiwa tu mwezi hautaonekana. Ukionekana, jukwaa linafungwa, watu wanaombana radhi na kwenda kusali. Hakuna bendi kubwa duniani inayoweza kufungiwa mkataba wa usiku ambao huenda usiwepo. Wanawake wa Mtoni wanaweza. Wanakaa hapo tu, na wakiitwa wanakuja, hata na mchanga.

"Wale wakubwa wanahitaji mwaka mzima kujua," anaeleza. "Sie tunahitaji lori."

Alhamisi, yeye na Nadir walikwenda kuonana na mfadhili katika hoteli moja ya Shangani. Mwakilishi wa mfadhili ni dada wa miaka thelathini na mbili, Bi Tahiya, aliyevaa suti na kufungua faili kabla ya kusalimiana kwisha. Niliruhusiwa kukaa meza ya pili.

"Usiku wa tatu ni tarehe ngapi?" aliuliza Bi Tahiya.

"Hatujui," alijibu Bi Kidawa.

"Nani anajua?"

"Mwenyezi Mungu."

Nadir alisogeza glasi ya maji. Bi Tahiya akatazama faili, akamtazama Bi Kidawa, akauliza nani basi atakayeandikwa juu ya bango. Akajibiwa kwamba hapo juu patachorwa sufuria.

Dada yule alijaribu kuzuia kicheko na akashindwa. Akasema kwao Makunduchi wamevunja jungu kila mwaka tangu azaliwe, na kwamba siku hiyo mama yake hutoka na sufuria kubwa kuliko mlango. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akarudi kwenye faili. Alisema ofisi yake haiwezi kutoa fedha zote kwa tamasha lisilo na jina kubwa. Itatoa asilimia sitini, kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo wataangalia.

Asilimia sitini si ushindi wa kupigiwa vigelegele. Spika zitakuwa chache. Kati ya wale wafanyakazi arobaini na sita, wanane hawatakuwamo, na Bi Kidawa alikwenda mwenyewe kuwaambia, nyumba kwa nyumba, siku ya Ijumaa. Mmoja hakumfungulia mlango. Na yeye miezi yake minane ya mshahara imekuwa sita, kwa sababu barua za kuandika zimepungua.

"Ntaoka vileja zaidi," anasema. "Watu hawaachi kuoana."

Hata hivyo ofisi ya Kiponda imechangamka. Wasanii tisa wamebaki wote tisa. Mahfoudh amepata mbao zake na tayari amegombana na muuzaji. Jaku ameulizwa iwapo atapiga usiku wa tatu, akasema atapiga ikiwa mwezi wa dunia na mwezi wa Unguja itakubaliana. Kisha akapendekeza, kwa moyo safi kabisa, kwamba yule Mholanzi awe tayari. Wim naye amekwisha kuandika. Anakuja kwa nauli yake, peke yake, na anataka kujua akate tikiti ya kurudi siku gani. Bi Kidawa amemjibu aache siku tatu wazi.

Jioni ya Jumamosi namkuta akifunga ofisi. Ninamuuliza swali ambalo waandishi tunaambiana wenyewe kwamba ni la kizembe na bado tunaliuliza: anatarajia nini kwenye tamasha hili jipya?

Anakaa kwenye ngazi, kidato cha juu, mkoba mapajani.

"Miaka kumi na minne," anasema, "sijasikia wimbo mmoja ukaisha. Ukianza, mie niko uwanja wa ndege. Ukifika kati, niko langoni, mtu kakosa funguo, mtu anataka barafu. Nnasikia makofi, basi najua umekwisha. Watu huniambia, Kidawa, jana palikuwa pazuri. Nawaambia ndiyo, palikuwa pazuri. Sijui kitu."

Anajifunga mtandio vizuri.

"Safari hii hakuna bwana harusi wa kumpokea. Nshamwambia Mahfoudh aniwekee kiti kimoja mbele, aandike jina langu. Maisara ataanza, nami ntakaa, sinyanyuki, simu ntaiacha nyumbani. Nataka nijue wimbo unaishaje."